Mwaka Aliponyamaza Wanja

Mdogo wangu Wanja alipopigiwa makofi mwezi uliopita, katika ukumbi wa hoteli moja hapa Nakuru, nilipiga makofi pamoja na wengine, lakini mikono yangu ilikuwa mizito. Wanafunzi wake walikuwa wanahitimu kozi ya ushauri wa familia. Alisimama mbele bila karatasi, akawaeleza jinsi kazi hiyo ilivyobadilika tangu aanze. Zamani, alisema, familia ilikuja kama imeletwa na polisi: baba, mama, watoto, pengine na shangazi, wamebanana kwenye kochi moja, wote wakimwangalia yule mtoto anayesemekana ndiye shida. Siku hizi baba yuko Doha, anaingia kwa simu. Mama yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua. Watoto wanalelewa na nyanya yao Subukia, na nyanya ndiye anayeshika simu, akiuliza kila dakika kama anaonekana. Siku hizi vijana wanakuja hata kabla ya harusi, na wanaume waliokuwa wakiapa kwamba mambo ya nyumba hayatoki nje wanapiga simu wenyewe kuomba nafasi. "Familia imebadilika umbo," alisema, "na sisi hatuwezi kuendelea kuishonea nguo ya zamani." Watu wakacheka. Kisha akashusha sauti, akasema, "Mimi naijua kazi hii kwa sababu niliwahi kuwa yule mtoto wa kwenye kochi." Akasimulia mwaka wetu. Aliusimulia vizuri, na mahali pa kulia watu walilia. "Na dadangu yuko pale, safu ya pili," akanionyesha kwa mkono. "Huyo ndiye alikuwa nguzo yetu." Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nilitabasamu, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Mwaka ule ulikuwa wangu pia. Yeye aliutoa ndani yake akaufanya kazi, jina na heshima, na mimi nimebaki nao miaka yote nyuma ya kaunta ya duka langu la mbegu na dawa za mifugo, hakuna aliyewahi kuniuliza ulikuwaje.

Tulikuwa tunaishi Bondeni, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua mekundu. Upande mmoja ulikuwa kitanda cha wazazi na sanduku la nguo. Upande wa pili meza, viti, jiko la mkaa, na godoro letu mimi na Wanja, ambalo mchana tulilisimamisha ukutani. Baba alifanya kazi Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe mwepesi kama unga, na alikuja nyumbani wikendi tu. Aliingia amejaa vumbi jeupe masikioni na kwenye kope, mama akamvua koti na kwenda kulikung'uta nje, akilipiga ukutani kwa nguvu ambazo hata majirani walizielewa. Hawakuwa wanaongea. Sikumbuki lilianza lini. Nilijikuta tu ndani yake, nimekuwa njia ambayo maneno yao yanapita. "Nyokabi, mwambie babako maji ya kuoga yako tayari." Baba yuko pale pale, ameketi kwenye ncha ya kitanda, anasikia kila neno. Namwambia. "Mwambie mamako nimeshukuru." Namgeukia mama. Kama baba amesema kwa ukali mimi nafikisha kwa upole, na kama mama amesonya, ule msonyo siufikishi. Nilikuwa kidato cha tatu, na hakuna somo nililolijua kama hilo. Nilichoka, ndiyo, lakini nilijiona mtu. Bila mimi, nyumba ile isingeweza hata kupakua ugali.

Likizo ya Aprili, Wanja alipelekwa Kariandusi kukaa na baba kwa siku chache. Alikuwa na miaka kumi, mdomo haukauki, mtoto wa kuuliza kwa nini flamingo hawachoki kusimama. Aliporudi alikuwa amenyamaza. Tulidhani ni uchovu. Wiki ikaisha, na shule zikafunguliwa. Shuleni alisoma kwa sauti akiitwa, mwalimu wake alituambia hivyo, lakini akikanyaga mlango wa nyumba yetu maneno yanakatika. Tena akaanza kukataa chakula. Hapo ndipo mama aliposhtuka, na hapo ndipo wivu wangu ulipozaliwa, maana mama alianza kumpikia peke yake. Alimkaangia maini kwa kitunguu na dania, akayaweka kwenye sahani ndogo ya maua tuliyokuwa tumewawekea wageni. Mimi nilikuwa napuliza jiko, harufu ikinipita puani kwenda kwa mtu ambaye hataki. "Kula kidogo tu, mama," mama alimbembeleza. "Kidogo tu, kwa ajili yangu." Mimi nilikula sukuma wiki na ugali, nikaosha sufuria ya maini, na nikiwa nje kwenye bomba nikalamba mchuzi uliobaki, nikiwa nimewapa majirani mgongo.

Wazee ndio waliokuja kwanza, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo. Baba mkubwa alifika kutoka Njoro na wanaume wengine wa ukoo, wakaketi kwenye viti vyote tulivyokuwa navyo na vingine vya kuazima. Mimi na mama tulipeleka chai na mkate, tukarudi nyuma ya pazia. Walizungumza taratibu, kwa adabu sana, kuhusu subira, kuhusu mwanamke anayemnunia mume mpaka watoto wanaambukizwa. Mama aliitwa mwishoni, akaambiwa walichokubaliana, akasema, "Nimesikia, wazee." Wanja hakuitwa kabisa. Alikuwa ameketi kitandani kwa wazazi amekumbatia magoti, umbali wa pazia tu, na mtu yeyote angeweza kulivuta. Sisemi walikuwa watu wabaya. Ugomvi wa shamba na wa mifugo waliumaliza vizuri, kila mtu akaenda na haki yake. Lakini njia yao ilikuwa ya kuamua nani amekosa, na mtoto asiyeongea hana kesi.

Baadaye tulikwenda kanisani. Mchungaji alituombea, akamwekea Wanja mikono kichwani, akina mama wakalia, na mmoja wao, Mungu ambariki, akamletea biskuti na juisi ya chupa. Wanja peke yake. Nilisimama kando na sweta langu la shule lililopwaya mikono, nikatamani, kwa kweli kabisa, kuugua. Nilijaribu hata kunyamaza. Jumapili moja niliamka nikaamua sitasema neno. Mama akasema, "Nyokabi, mwambie babako chai imemiminwa." Nikanyamaza. Akainua kichwa. "Wewe, umeziba masikio?" Nikamwambia baba chai imemiminwa. Kunyamaza kwangu kulidumu kwa muda wa kumimina chai.

Aliyetupeleka kwa Madam Cherono ni mwalimu wa Wanja. Madam mwenyewe alikuwa mwalimu kabla ya kusomea ushauri, na aliwapokea watu kwenye sebule yake huko mtaa wa Section 58, nyumba yenye ua wa miiba wa kei apple na mbwa mzee aliyelala mlangoni. Wakati huo ushauri ulijulikana kuwa wa watu waliofiwa au wenye ugonjwa ambao haukutajwa kwa sauti. Kwamba familia nzima yaweza kwenda kuketi mbele ya mwanamke wasiyemjua na kueleza mambo yao, hilo lilikuwa jambo la wazungu. Baba alicheka aliposikia. "Mwambie mamako," akaniambia, "mimi siendi kuanika nguo zangu za ndani kwa watu." Mama, ambaye hakuwa na tabia ya kubisha, alisema, "Mwambie babako basi ataenda kumzika mtoto." Hilo sikulifikisha kwa upole. Sikupata namna. Baba alivaa koti.

Nakumbuka sebule ile kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Ilikuwa na rafu ya vitabu, na dirisha lililofunguliwa kikamilifu, na kwenye meza kulikuwa na chupa ya chai na mandazi chini ya kitambaa. Madam alikuwa mwanamke mrefu wa sauti ya chini. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, mpaka mimi, kisha akasema kitu ambacho baba alikilalamikia njia nzima tukirudi: "Simtaki mgonjwa peke yake. Nawataka wote, kila mara, hata yule ambaye hana shida." Akanitazama. Nilijua ni mimi ninayesemwa, nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Tuliketi. Mimi niliketi katikati ya baba na mama bila kufikiri, kama mtu anavyoingia kitandani kwake. Mara ile ya kwanza alituuliza mambo ya kawaida tu, nani huamka wa kwanza, nani hupika, tukikosana nani hutuliza. Baba alijibu kupitia kwangu, na mama pia, na Madam akawa anatazama kichwa changu kikigeuka huku na kule.

Tulienda tena, na tena. Baba alikuwa akija Ijumaa jioni badala ya Jumamosi, mwenye hasira, ila alikuja. Nami nikaanza kuzisubiri Jumamosi zile kuliko Krismasi, kwa sababu huenda siku moja zamu yangu ingefika. Haikufika. Muda mwingi Madam alikuwa sakafuni na Wanja, wamelala kifudifudi kwenye zulia wakichora. Alimpa penseli za rangi. Alimwambia picha zake zina uhai. Mimi nilikuwa nimeanguka hesabu muhula huo, nimeshuka mpaka karibu na mkia wa darasa, ripoti nimeipeleka nyumbani, mama ameisaini juu ya goti huku akimwangalia Wanja kama ametafuna. Nilimtazama mdogo wangu pale kwenye zulia, shingo yake nyembamba, mguu mmoja ukicheza hewani, na nikamchukia kwa chuki safi ambayo mtoto anaweza kuwa nayo kwa mtu anayempenda. Ningeenda kumlipia kwa damu yangu kama angegongwa na gari. Lakini zile penseli nilizitaka.

Siku yenyewe mvua ilikuwa inanyesha. Madam alisukuma meza ukutani, akaleta viti kutoka chumba cha kulia, vigoda, hata ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia Wanja, "Si lazima useme. Nipangie tu familia yenu. Kila mtu kiti chake, mahali anapokaa." Wanja alifikiri sana. Akaweka kiti cha mama. Akaweka changu karibu na cha mama, na kigoda chake karibu na changu. Kisha akakivuta kiti cha baba mpaka mbali, karibu na mlango wa jikoni, kikikwaruza sakafu. Tukadhani amemaliza. Baba hata alianza kukohoa kama mtu anayetaka kuinuka. Wanja akarudi, akachukua kiti kingine, akakipeleka kule kando ya kiti cha baba. Akachukua ndoo, ndogo, akaiweka mbele ya hivyo viwili. Kisha akaenda kusimama nyuma ya Madam na kumshika sketi.

Mama aliangalia kile kiti na ile ndoo. Nilimwona anaelewa, iliingia kwenye uso wake polepole kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Akamgeukia baba. Hakunigeukia mimi.

"Hicho kiti na hiyo ndoo ni vya nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sana kusikia sauti yake ikienda moja kwa moja kwa baba. Baba akanishika mkono. "Nyokabi, mwambie mamako tutaongea nyumbani."

Nilifungua mdomo. Naapa, nilikuwa tayari nimeanza kugeuza kichwa.

"Nyokabi," Madam akasema, "usimwambie. Toka hapo katikati, ukae huku na mdogo wako."

Nilimwangalia mama aniambie nibaki. Hakuwa ananiona. Niliinuka, nikavuka sebule, nikaketi kwenye zulia karibu na Wanja, na nafasi niliyoiacha kati yao ikabaki wazi, na baba akaitazama kama shimo. Halafu akasema. Alisema ni mwanamke anaitwa Njeri, wanakaa karibu na ziwa, chini ya Kariandusi, na ana mtoto wa kiume. "Ni mtoto wangu," akasema. "Huyu alimwona Aprili. Nilimwambia asiseme nyumbani." Basi ndiyo hiyo. Mtoto wa miaka kumi aliambiwa asiseme, na kwa kuwa hakujua ni neno lipi lingemponyoka, aliyafunga yote. Mama alilia bila kujifunika uso. Baba alilia pia, jambo ambalo sikuwa nimeliona na sikulipenda. Madam aliwaacha. Aliketi tu, mikono kwenye magoti, akasema mara moja moja, "Mwambie yeye, Mzee. Usiniambie mimi." Waliongea mpaka chai ikapoa. Waliongea kwa ukali, kwa matusi kidogo, lakini wao kwa wao, na mimi nikiwa sakafuni kama mtu aliyefukuzwa kazi. Watu wakisikia hadithi hii hudhani nilijisikia nimetuliwa mzigo. Labda nilipaswa. Nilichokisikia ni wivu, na mara hii haukuwa kwa Wanja. Niliwaonea wivu wazazi wangu, kwa sababu walikuwa wanaweza bila mimi.

Tulipokuwa tunatoka, Madam alinishika bega pale mlangoni. "Na wewe, Nyokabi, habari zako huwa unaulizwa na nani?" Mama alikuwa ameshafika kwenye lango na Wanja mkononi, anatuita. Nilisema, "Mimi sina shida, Madam." Aliniangalia kidogo, akasema siku nikiwa nayo nije. Sikwenda.

Baba na mama hawakurudiana. Wangefanya hivyo kama wazee ndio wangeamua. Wangeishi chini ya bati moja bila kuongea mpaka kifo. Kwa Madam waliendelea kwenda hadi mwisho wa mwaka, wakapanga namna ya kuachana bila kutuacha sisi, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo geni kiasi kwamba majirani walidhani mama amerogwa anapomkaribisha baba chai Jumapili na yule mtoto wa Njeri amekaa pajani mwa mama. Wanja alianza kuongea kwenye mwezi wa Agosti. Tulikuwa tunakula githeri ya mahindi na maharagwe, akainua kichwa akasema, "Haina chumvi." Mama aliangusha kijiko. Alimkumbatia, akatoka nje akaita majirani, watu wakaja wakajaa chumbani, mmoja akaimba. Ile githeri nilikuwa nimeipika mimi, na kweli haikuwa na chumvi. Mimi nimeongea kila siku ya maisha yangu tangu nijue kuongea na hakuna mtu aliyewahi kuimba.

Baada ya sherehe ile ya hotelini nilikaa na moto wangu kwa wiki nzima. Nilimfokea mteja kuhusu mbegu za kabeji. Kisha nikafanya kitu ambacho sikumwambia mtu: nilikwenda kwa mshauri. Sikwenda kwa Wanja wala kwa yeyote wa wanafunzi wake. Nilimpata msichana mmoja mwenye rasta, ofisi yake iko juu ya duka la dawa mjini, anavaa raba na anasema "niaje" kwenye simu kabla ya kukumbuka yuko na mtu. "Karibu mathe, jisikie nyumbani," aliniambia. Nikadhani nitacheka. Badala yake nilianza na harufu ya maini, na saa ilipoisha bado nilikuwa sijafika Section 58. Nikamuuliza kama naweza kuja peke yangu, bila familia, na bado iitwe ushauri wa familia. Akasema familia yangu yote tayari imeingia na mimi, na kwamba siku hizi watu wengi huja hivyo.

Wanja alipata habari. Mji huu ni mdogo kwa watu wa kazi yake. Alikuja dukani Jumatano akiwa na nguo zake nzuri, akasimama kati ya magunia ya mbolea, akasubiri mteja atoke.

"Dada, ni kweli unaenda kwa yule msichana wa juu ya chemisti?"

"Ni kweli."

"Huyo si ni mtoto? Ameanza juzi tu. Mbona hukuniambia? Ningekutafutia mtu. Ningekusikiliza mwenyewe."

"Wewe umo kwenye hadithi, Wanja. Ungenisikilizaje?"

Alicheza na kamba ya gunia. Nilimjua mdogo wangu tangu siku alipozaliwa, na sikuwa nimewahi kuona uso ule ukimjia. Macho yalimetameta, mdomo ukabana kidogo upande mmoja, kama mtoto anayetazama sahani ya mwenzake.

"Na huwa unamwambia nini?" akauliza.

"Hayo ni yangu," nikamwambia.

Niliona jinsi ilivyomuuma, nikafurahi. Kisha nikamvutia kiti nyuma ya kaunta, nikamwuliza kama amekula.